Jenereta la jeshi nyumbani: hesabu ya baada ya mnada

Februari 2021 Texas iliganda. Gridi ya jimbo ilielemewa, nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zikakosa umeme katikati ya baridi kali, na idara ya afya ya jimbo baadaye ikahesabu vifo 246. Julai 2024 kimbunga Beryl kikapita Houston na kuacha wateja zaidi ya milioni 2 gizani, safari hii kwenye joto la kiangazi. Sisi Waafrika Mashariki tunaoishi huku, ambao wengi tulidhani mgao wa umeme tumeuacha Dar na Nairobi, tumerudi kuulizana habari za majenereta. Na haupiti muda kabla mtu hajaleta picha ya boksi la chuma la kijani, zito, lenye bamba la jeshi la Marekani ubavuni, na bei ya mnada inayotamanisha.

Msimamo wangu nautoa mapema, maana kuna watu wako karibu kabisa kuongeza dau. Ni mashine imara, zimeundwa kwa kazi, na spea zake bado zinapatikana. Lakini bei ya mnada ni kama nusu tu ya pesa itakayokutoka, na wengi wananunua jenereta kubwa kuliko nyumba yao inavyohitaji. Kuzidisha ukubwa huku kunaharibu mashine hizi kuliko hata uzee.

Yanatoka wapi? Kwa miaka mingi jeshi lilitegemea majenereta yenye sauti ndogo yanayojulikana kwa kifupi kama TQG. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Cummins ilianza kulipatia jeshi kizazi kipya, AMMPS, na yale ya zamani yakaanza kuachiwa. Hupitia DLA Disposition Services, kitengo cha wizara ya ulinzi chenye makao yake Battle Creek, Michigan, kisha huuzwa kwa mnada mtandaoni, hasa GovPlanet. Ukisikia watu wanataja MEP-802A au MEP-803A, ndiyo hayo. La kwanza ni la kilowati 5, lina injini ya Lister Petter LPW2 ya silinda 2. La pili ni la kilowati 10, LPW4 ya silinda 4. Yote mawili yanapozwa kwa maji na huzunguka mara 1,800 kwa dakika, wakati majenereta mengi ya petroli ya dukani huzunguka 3,600. Nusu ya mizunguko ni kelele pungufu na uchakavu pungufu.

Aliyekulia karibu na mashine ya kusaga atasimama kidogo hapo kwenye jina. Ndiyo, ni Lister ileile ya Dursley, Uingereza, kampuni iliyoanza 1867, ambayo injini zake zimesaga mahindi katika vijiji vingi vya kwetu. LPW si ile ya gurudumu kubwa inayosikika kutoka ng'ambo ya mto. Ni injini ya baadaye, fupi na ya kasi zaidi. Lakini tabia za ukoo bado zipo: silinda chache, vyuma vinene, kila silinda na pampu yake ya mafuta, na fundi wa kawaida mwenye spana na subira anaweza kuifungua akaielewa.

Kabla ya TQG kulikuwa na MEP-002A ya kilowati 5 na MEP-003A ya kilowati 10, zenye injini za Onan zinazopozwa kwa hewa, hazina hata boksi la kuzuia sauti. Huuzwa bei ndogo zaidi. Kama una shamba, majirani wako mbali, na unapenda injini za zamani kwa dhati, sina neno. Kwa mtaa wenye nyumba zilizobanana, ziache. TQG imeundwa isizidi desibeli 70 ukiwa mita 7 kutoka ilipo. Onan iliyo wazi itakukosanisha na mtaa mzima usiku wa kwanza. Kuna pia MEP-831A ya kilowati 3, yenye injini ndogo nzuri ya Yanmar, ila umeme wake hupitia kwenye inveta ya kielektroniki. Injini ikiharibika utapata spea. Inveta ikifa unaweza kuambiwa bei inayokaribia ya jenereta lenyewe. Nisingelinunua bila kuliona likibeba mzigo.

Sasa mitego, maana picha za mnada hazisemi kila kitu. MEP-812A na MEP-813A zinafanana kwa sura na 802A na 803A, na mara nyingi huenda kwa bei ya kutupa. Sababu ni kwamba zinatoa umeme wa hezi 400, wa ndege, rada na vyombo vingine vya kijeshi. Friji yako inataka hezi 60. Huwezi kugeuza hilo kwa kukaza skrubu mbili. Mtego mwingine ni MEP-804A ya kilowati 15 yenye injini ya Isuzu, na MEP-805A ya kilowati 30 yenye injini ya John Deere. Mtu anaona jina la John Deere moyo unamruka. Lakini hizo hutoa umeme wa fezi tatu, volti 120/208 au 240/416, na nyumba ya kawaida ya Marekani inatumia 120/240 ya fezi moja. Ni mashine za karakana na shamba. Soma bamba herufi kwa herufi, na kama mnada haukuonyesha picha ya bamba, usiweke dau.

Kwa hiyo kwa nyumba, uchaguzi wa kweli ni kati ya 802A na 803A, na hapa ndipo nataka tukae.

Nyumba ya wastani Marekani hutumia takribani kilowati-saa 900 kwa mwezi, yaani kama 30 kwa siku. Gawanya kwa saa 24 unapata kilowati 1.25. Huo ni mzigo wa kawaida wa nyumba, na kwenye jenereta la kilowati 10 ni kama asilimia 12 tu. Dizeli haipendi hivyo. Injini ya dizeli isipobeba mzigo wa kutosha haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na masalia yake huanza kujipaka kwenye nozeli, valvu na ekzosi. Dalili utaziona: moshi, harufu kali, na utelezi mweusi unaochuruzika kwenye maungio ya bomba la ekzosi kama lami iliyoyeyuka. Ukiendelea hivyo kwa siku kadhaa za kukatika umeme, umeianzishia injini ugonjwa. Mafundi hupendekeza mzigo usishuke chini ya asilimia 30. Kwa 802A hiyo ni kilowati 1.5, kiasi kilicho karibu na mzigo wa kawaida wa nyumba. Kwa 803A ni kilowati 3, na usiku watu wamelala huzifikii mpaka uwashe hita ya maji kwa makusudi.

Kinachowasukuma watu kwenye 803A ni kiyoyozi cha nyumba nzima. Hoja hiyo ni ya haki. Kwenye volti 240, 802A inatoa ampea 26 na 803A inatoa 52, na kompresa ya kiyoyozi inapoanza huvuta kwa mkupuo mara kadhaa zaidi ya inavyovuta ikishatulia. 803A huumeza mkupuo huo. 802A mara nyingi hushindwa. Lakini siku hizi kuna kifaa cha kuanzisha kompresa polepole, kinauzwa dola 300 hivi, kinapunguza sana mkupuo huo, na hufanya kiyoyozi cha ukubwa wa wastani kiwezekane hata kwenye jenereta dogo. Au nunua kiyoyozi cha dirishani cha chumba kimoja, familia ilale pamoja siku tatu nne. Nyumba yenye watu watano, friji mbili, pampu ya kisima na kiyoyozi kikubwa, sawa, chukua 803A na ujue utaishughulisha vipi usiku. Wengine wote 802A inawatosha, na ina kilo kama 400 badala ya zaidi ya 530.

Tuje kwenye pesa. Chukua mfano wa 803A iliyoshinda mnada kwa dola 2,500, bei isiyo ya ajabu kwa mashine inayoonekana nzima. Ada ya mnada na kodi ya mauzo zinaweza kufika 450. Kukodi trela na kuifuata kambi iliyo saa kadhaa kutoka kwako, weka 250. Betri: mfumo wa kuwashia ni wa volti 24, kwa hiyo unanunua betri 2 za volti 12, nyingine 250, kwa sababu zilizokuja nayo zimekufa. Oili, filta zote, maji ya rejeta yenye dawa, hosi na mkanda wa feni, 250. Weka 500 ya matengenezo usiyoyajua bado: pampu ya umeme ya mafuta, plagi za kupasha joto, labda kifaa cha kudhibiti volti. Zege la kuiweka, 200. Fundi umeme mwenye leseni, kibali cha manispaa, soketi ya nje na swichi ya kubadilishia umeme, 1,200. Jumlisha: dola 5,600. Na hapo hujalipa senti kwa kazi ya mikono yako mwenyewe.

Upande wa pili, jenereta la petroli la kilowati 7.5 linapatikana dukani kwa dola 1,200 hivi, ongeza ileile 1,200 ya fundi umeme, umemaliza. Lile la gesi asilia la kilowati 22, linalowaka lenyewe umeme ukikatika, mara nyingi huanzia dola 10,000 pamoja na kufungwa. Jenereta jipya la dizeli la kilowati 10 linalozunguka 1,800 kwa dakika, la Kubota kwa mfano, linapita dola 10,000 kabla halijafika kwako. Ukilipima jenereta la jeshi kwa hilo la mwisho, ni bei ya chini sana. Ukilipima kwa la petroli, ni ghali mara mbili.

Watu hudai dizeli italipa tofauti kwa mafuta. Tupige hesabu. 803A ikiwa na mzigo kamili inakula lita 3.7 hivi kwa saa, na tangi lake la lita 34 linakupa kama saa 9. Kwa nusu mzigo tegemea zaidi kidogo ya lita 2 kwa saa, yaani galoni 14 hivi kwa siku; dizeli ikiwa dola 4 kwa galoni, ni dola 56. La petroli kwa nusu mzigo humaliza kama galoni 16 au 17 kwa siku, na petroli huwa na bei ndogo kuliko dizeli. Gharama ya siku inakaribia kulingana, ingawa dizeli inakuwa imetoa umeme mwingi zaidi kwa pesa hizo. Shida ni kwamba nyumba yako haiuhitaji umeme huo wa ziada. Kwa wiki moja ya kimbunga kwa mwaka, akiba ya mafuta haitarudisha tofauti ya bei ya dola 3,200 kati yake na la petroli maishani mwako. Hoja yenye nguvu ya dizeli ni nyingine: inahifadhika muda mrefu kuliko petroli, haishiki moto kirahisi, na TQG ina pampu ya kuvuta mafuta yenyewe kutoka kwenye pipa lililo nje. Wakati foleni za vituo vya mafuta zinazunguka mtaa, pipa moja la lita 200 ni siku nne za nusu mzigo bila kutoka nyumbani. Kwa wanaoishi vijijini, kwenye umeme unaochukua majuma kurudi, hilo pekee linatosha kuwa sababu.

Tuseme umeamua. Usiiamini mita ya saa. Inaweza kuonyesha saa 40 kwa sababu mita ilibadilishwa. Tazama badala yake vichwa vya bolti kama vimeliwa na spana, mpira wa hosi kama umepasuka, na fungua mlango wa nyuma uangalie kiota cha panya juu ya nyaya. Vuta kijiti cha oili: oili ya rangi ya maziwa ni maji ndani ya injini, ondoka. Chini ya rejeta tafuta chumvi ya kijani iliyokauka.

Ikishafika nyumbani, kuna hamu ya kufunga betri na kuwasha papo hapo. Izuie. Jenereta lililokaa miaka na mafuta ndani yake huja na ugonjwa mmoja maarufu kwenye LPW: mafuta yamegeuka gundi, na vijiti vinavyopima mafuta kwenye pampu za silinda vimenasa. Vikinasa vikiwa vimefunga, haliwaki. Vikinasa vikiwa wazi ni hatari kubwa, maana injini ikiwaka, gavana, yaani kidhibiti cha kasi, haina uwezo tena wa kuipunguza, inapanda mizunguko mpaka ivunjike. Kwa hiyo mwaga mafuta yote ya zamani, safisha tangi, badilisha filta na kifaa cha kutenganisha maji, kisha hakikisha kwa kidole kwamba kijiti cha kila pampu kinatembea kwa ulaini. Kikikataa, dawa ya kupenyeza na muda wa siku moja mbili hufanya kazi kuliko nyundo. Toa hewa kwenye njia ya mafuta.

Kwenye injini utaona swichi ndogo ya kuzungusha bila kuwasha. Hii ni zawadi kwa anayefufua. Itumie kuzungusha kwa vipindi vifupi, ukipumzisha stata, mpaka geji ya oili inyanyuke. Unapowasha mara ya kwanza, ondoa bomba la kuingizia hewa na mtu asimame pembeni na ubao bapa ulio imara. Injini ikikimbia, anafunika mdomo wa hewa kwa ubao, kamwe si kwa kiganja. Injini ikishika, usiachie swichi kuu upesi; ishikilie kwenye nafasi ya kuwasha mpaka volti zipande, kwa sababu ndiyo inayoamsha sumaku ya jenereta lililolala. Wengi huachia mapema, wanaona sifuri kwenye geji, wanadhani jenereta limekufa. Kisha lipe mzigo wa kweli: hita mbili tatu za umeme, polepole hadi asilimia 70 au 80 kwenye geji, saa mbili. Moshi wa mwanzo utapungua na sauti itatulia. Zoezi hilo lirudie kila mwezi kwa mzigo. Kuliwasha dakika tano tupu ili kuona tu kama linawaka ni kulidhuru.

Dashibodi ina swichi yenye kifuniko iliyoandikwa BATTLE SHORT. Inazima ulinzi: oili ikiisha au joto likipanda, injini haijizimi. Jeshini ina sababu yake. Kwako haina kazi. Ifunge kwa waya isiguswe na mtoto.

Na rangi. Ile rangi ya kijani au ya mchanga isiyong'aa ni rangi maalumu ya jeshi inayoitwa CARC, na mashine za zamani zinaweza kuwa na kromiamu chini yake. Usiipige msasa uani ukiwa umefunga kitambaa puani. Vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Iache ilivyo, au ipeleke kwa mpaka rangi mwenye vifaa.

Naulizwa sana kuhusu kulipakia kwenye kontena kwenda Tanzania au Kenya. Ushauri wangu ni hapana. 802A na 803A ni za hezi 60, nyumbani ni hezi 50 na volti 230 au 240. Ukipunguza kasi ya injini upate 50, unaingilia volti, upoaji na nguvu kwa pamoja. 804A na 805A zinaweza kuwekwa kwenye hezi 50, lakini mali ya jeshi la Marekani ina masharti ya kuisafirisha nje, na baadhi huuzwa kwa hati ya kueleza mtumiaji wa mwisho ni nani. Kwa nauli na usumbufu huo, nunua jenereta la hezi 50 hukohuko, lenye fundi na spea jirani.

Hukumu yangu basi: mwenye eneo, mwenye mikono ya ufundi, anayekatikiwa umeme kwa siku nyingi, anunue 802A, au 803A kama ana mzigo wa kuijaza. Anayeishi mtaani, umeme unakatika mara moja kwa mwaka, anunue la petroli na pesa inayobaki aiweke. Mwenye gesi asilia ya bomba na asiyetaka kushika spana alipie la gesi.

Lolote utakalochagua, mambo mawili hayana mjadala. Usiunganishe jenereta kwa nyumba bila swichi ya kubadilishia umeme iliyofungwa na fundi mwenye leseni. Umeme wako ukirudi kwenye nguzo unaweza kumuua fundi wa laini aliyetoka kuja kukusaidia. Na jenereta likae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, ekzosi ikielekea mbali na madirisha, lisiwekwe gereji hata mlango ukiwa wazi. Katika baridi ile ya 2021 kuna familia hapa Texas zilizopona baridi zikauawa na hewa ya kaboni monoksidi. Kengele ya kaboni monoksidi inayotumia betri haizidi dola 40. Nunua mbili leo, weka moja nje ya vyumba vya kulala, kabla hujanunua jenereta lolote.